Mhudumu wa Mkahawa katika Fasihi ya Kiswahili: Ushahidi wa Njia ya Handeni na Korogwe

Kazi ya mtu hulipwa kwa namna mbili. Malipo ya kwanza ni fedha, nayo aghalabu huisha siku ile ile ipokewapo. Malipo ya pili ni maneno, yaani wimbo, hadithi, methali na jina jema, nayo hudumu hata baada ya mtenda kazi kuzikwa. Fasihi ya Kiswahili imewalipa watu wengi malipo haya ya pili. Baharia amelipwa, mkulima amelipwa, askari amelipwa kupita kiasi, na tangu 1979 hata mchukuzi wa bandarini amepata haki yake. Lakini yuko mfanyakazi mmoja ambaye karibu kila mwandishi amekula kwa mkono wake, na ambaye vitabu havijamlipa. Huyu ni mpishi na mhudumu wa mkahawa, pamoja na wenzi wake: mwosha vyombo, mfagiaji, mtandika vitanda wa nyumba ya wageni, na mama lishe wa kando ya njia. Kusudi la makala haya ni kupima deni hilo, kutafuta asili yake katika lugha na katika ushairi wa kale, na kuonyesha namna linavyoweza kulipwa.

Mahali pazuri pa kupimia ni njia kuu ipitayo katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Reli itokayo Tanga ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Mkonge, ulioletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf 1893, ulienea katika mabonde hayo, na kwa ajili yake wakaja watu kutoka mbali, wakaandikwa kwa namba na kuitwa manamba. Palipo na maelfu ya watu wasio na jiko lao, hapana budi pawe na mtu wa kuwapikia. Wanahistoria wameandika juu ya mgomo wa wakata mkonge wa Mazinde wa 1958, na ni haki yao kuandikwa. Lakini anayesoma habari za mashamba hayo hupata mengi juu ya mkata mkonge, machache juu ya mnyapara, na karibu hapati neno juu ya aliyewasha moto kabla ya wote wawili kuamka.

Mkonge ulipopungua bei na watu, njia haikupungua wasafiri. Leo basi litokalo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku na Segera upande wa Handeni, kisha likaingia Korogwe na Mombo. Segera ndipo njia zinapoachana, moja ikielekea Tanga na nyingine ikielekea kaskazini. Handeni mjini hufikiwa kwa njia ya lami itokayo Korogwe au ile itokayo Mkata. Kwa hiyo miji hii ina tabia ambayo miji mingine mingi haina: wanaokula humo kwa siku moja ni wengi, na wengi wao hawatarudi kesho. Mkahawa wa namna hii si kama mkahawa wa mtaani, ambamo mhudumu na mteja hujuana kwa majina na kwa madeni. Hapa mhudumu humhudumia mtu asiyemjua, kwa dakika chache, naye hataonana naye tena.

Yafaa kazi yenyewe itazamwe kwa makini, maana wengi huidharau kwa sababu hawajaihesabu. Jiko la mkahawa wa njiani huwashwa alfajiri. Mchele huchaguliwa mawe, maharage yaliyolowekwa usiku huinjikwa, nazi hukunwa, nyama hukatwa kwa kipimo ambacho kikizidi mwenye duka hupata hasara na kikipungua mteja hununa. Basi likiingia, watu zaidi ya hamsini hushuka pamoja. Kondakta amekwisha tangaza dakika za kula, nazo ni chache. Mhudumu hupokea maagizo ya meza nne kwa kichwa, bila karatasi: wali na kuku, wali na maharage, ugali na samaki, chipsi na yai, supu isiyo na pilipili, chai ya maziwa kwa mzee, maji ya moto kwa mtoto mchanga. Huyakumbuka yote, huyapeleka bila kuyachanganya, hupokea fedha, hurudisha chenji, hufuta meza, na wakati huo huo jicho lake haliondoki mlangoni, kwa sababu basi linapopiga honi hutokea mtu akaondoka na shibe yake bila kulipa. Pahali pengine hasara hiyo hukatwa katika ujira wa mhudumu. Basi likiisha kuondoka, jingine liko nyuma yake. Nyuma ya jiko yuko mwenye kuosha sahani, ambaye mikono yake iko majini siku nzima. Nyuma ya nyumba yuko mwingine ambaye husafisha choo cha wote wale walioambiwa na kondakta kwamba wakati wa “kuchimba dawa” umefika. Lugha imebuni neno la adabu ili msafiri asione haya, lakini haijabuni neno la shukrani kwa anayepafanya pahali pale pawe pa adabu.

Kazi hii basi ina elimu yake. Inataka kumbukumbu, hesabu, wepesi wa mguu, ujuzi wa tabia za watu na uwezo wa kuzuia hasira. Mtu akiwa na sifa hizi zote katika ofisi husemwa kuwa ana kipaji. Akiwa nazo katika mkahawa wa Kabuku, husemwa kuwa hakupata kazi nyingine. Swali la mhakiki ni hili: hukumu hiyo imetoka wapi? Haikutoka katika kazi yenyewe. Imetoka katika maneno, na maneno yanaweza kuchunguzwa.

Kitenzi *tuma* kimezaa ukoo wa majina ambao ni funzo kamili la jamii. Mtume ni yule aliyetumwa na Mungu, na hapana cheo kipitacho chake. Mtumwa ni yule aliyetumwa na mwanadamu mwenzake bila hiari, na hapana cheo kilichokuwa chini ya chake. Kati ya hao wawili amesimama mtumishi, ambaye jina lake limetoka katika *tumika*. Mtumishi wa umma ni mtu wa kuheshimiwa, na mtumishi wa Mungu husimama mimbarini. Lakini neno hilo hilo likiingia jikoni huinamisha kichwa, likaelekea upande wa mtumwa badala ya upande wa mtume. Shina ni moja na kitendo ni kimoja, yaani kwenda kwa ajili ya mwingine. Kinachobadilika ni nani aliyetuma tu. Neno *mhudumu*, ambalo leo hutumiwa kwa adabu zaidi, lina historia ya namna hiyo hiyo, kwa sababu *huduma* na *hadimu* zimetoka katika shina moja la Kiarabu. Zama za ukoloni ziliongeza *boi*, na mwanamume mwenye ndevu na wajukuu akaitwa hivyo na watoto wa bwana wake. Neno hilo limezeeka, lakini tabia iliyokuwa ndani yake haikuzeeka pamoja nalo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mwanamke apikaye kando ya njia. Jina la *mama ntilie* lilienea mijini katika shida za miaka ya 1980, wakati mishahara ilipokuwa haitoshi na wanawake wengi wakatoka na masufuria yao kutafuta riziki. Sarufi ya jina hilo ni ya ajabu. Limeundwa kwa ombi la mteja: nitilie, yaani nitie chakula katika sahani. Ile *ni* iliyomo ndani yake ni mteja. Mwanamke huyu alipewa jina ambalo ndani yake yeye si mtenda bali ni mwombwaji, na aliyeketi katikati ya jina lake ni mtu mwingine mwenye njaa. Baadaye likazuka jina la *mama lishe*, na kwa wanaume *baba lishe*. Hapa kitenzi kimegeuka. Kulisha ni tendo lake mwenyewe, nalo lina ukoo na ulezi na afya. Watu wengine huona mabadiliko haya kuwa upuuzi, wakisema kwamba jina halijazi chungu. Ni kweli kwamba halijazi. Lakini jina huamua namna mtu atakavyoitwa kutoka meza ya mbali, na namna hiyo huamua kama siku yake itakuwa siku ya kazi au siku ya kudhalilishwa. Mteja asemaye “mama, naomba chai” na yule agongaye meza kwa funguo za gari wamelipa bei moja, lakini hawakununua kitu kimoja.

Wako wateja wengi wanaotumia maneno ya udugu, dada, kaka, mama, mjomba, na desturi hii ni nzuri katika asili yake. Katika Kiswahili mtu asiyejulikana huingizwa katika ukoo kwa neno moja, akapata haki za jamaa. Walakini udugu wa mkahawani una mtihani wake. Neno “dada” likitanguliwa na kudatisha vidole si udugu, ni amri iliyovaa nguo ya udugu. Mhakiki wa lugha hana budi kusikiliza sauti pamoja na neno, kama asikilizavyo mizani pamoja na vina.

Katika methali hali si mbaya kama inavyodhaniwa. Methali nyingi za Kiswahili zinajua jiko. Zinajua kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali iliyo na uzito zaidi kwa jambo hili ni ile ya mgeni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Ikisomwa vizuri ni sheria ya huduma. Inasema kwamba kuhudumiwa ni haki ya mtu, lakini ni haki yenye mwisho, na mwisho wake ni pale mgeni anapoingia katika kazi iliyomlisha. Siku ya tatu mgeni hushika jembe, na kwa kulishika hujua gharama ya siku mbili za kwanza. Jembe si adhabu bali ni elimu.

Sasa msafiri wa njia ya Korogwe ni mgeni wa namna gani? Ni mgeni wa siku ya kwanza daima. Huja, hula, huondoka, na siku ya tatu haimfikii kamwe. Mteja wa leo anaondoka na mteja wa kesho ni mtu mwingine, lakini kwa mhudumu wote ni mgeni mmoja asiyekwisha, ambaye kila siku ni mpya na kila siku anadai haki za mgeni. Nusu ya kwanza ya methali hutimizwa kila saa, na nusu ya pili haitimizwi milele. Ndiyo maana dharau hukua kwa urahisi katika mikahawa ya njiani kuliko nyumbani. Nyumbani anayepakua chakula ni mwenyeji, na heshima ya mwenyeji humlinda. Mkahawani mgeni amelipa, naye hudhani kwamba fedha yake imenunua chakula pamoja na unyenyekevu. Desturi ya ukarimu imebaki bila jembe lake, na kazi ya fasihi ingekuwa kulirudisha jembe hilo kwa njia ya maneno: kumfanya msomaji ajue kwa kusoma kile ambacho msafiri hakupata nafasi ya kukijua kwa kufanya kazi.

Je, fasihi imefanya hivyo? Ushairi wa kale haukufanya. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, matajiri wa zamani wanaonyeshwa katika starehe zao, na miongoni mwa starehe hizo wamo watu wa kuwakanda, watu wa kuwapepea na wanawake wa kuwatumbuiza walalapo. Mshairi anauliza kwa uchungu mkubwa wako wapi mabwana wale na nyumba zao. Ni swali kubwa, na limefanya utungo huo uishi. Lakini haulizi wako wapi wapepeaji. Wao wamehesabiwa pamoja na taa na vyombo vya kaure, yaani kama dalili za utajiri na si kama watu ambao utajiri huo uliwaangukia. Mauti yaliyowasawazisha mabwana na mavumbi hayakuwasawazisha mabwana na watumishi katika utungo wenyewe.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata 1858, umeenda mbali zaidi kwa sababu unaiweka sheria waziwazi. Mama mgonjwa anamwusia binti yake namna ya kuishi, na mafunzo yake mengi ni ya adabu na ukarimu ambayo hata leo hayajachuja. Humo pia anamwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa huduma. Msomaji wa leo asiharakishe kumlaani mtunzi, kwa maana aliandika katika zama zake, na wasia wake ulikuwa wa kumlinda mwana katika jamii aliyoijua. Lakini kanuni ile yafaa kutambuliwa, maana utumwa uliondoka, kanuni ikabaki. Ni kanuni ya msafiri wa basi, anayemjua mhudumu wakati wa huduma tu. Kabla yake hakuwapo, baada yake hayupo.

Katika nathari ya karne ya 20 mambo yalianza kubadilika, na yafaa kuanza na mwana wa mkoa huu huu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga 1909, alikuwa na jicho la kuona heshima katika kazi iliyodharauliwa. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotokea 1958, hakuona haya kueleza kwamba mwimbaji aliyevuma Afrika Mashariki yote alianza kwa kuzungusha vyungu vya kuuza. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa 1968 baada ya kufa kwake, shujaa anaiacha meza ya karani akashika jembe, na kwa tendo hilo cheo cha kazi kinageuzwa juu chini. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Lakini itazamwe ni kazi gani iliyopita katika mlango huo. Ni kilimo, na mkulima ana jambo moja ambalo mhudumu hana: anajitegemea. Anapoinama, huiinamia ardhi, hamwinamii mtu. Heshima aliyopewa na Shaaban Robert ni heshima ya uhuru wake. Swali gumu zaidi ni kama mtu anaweza kumwinamia mwingine, akamwekea sahani mezani, na heshima yake isipungue. Swali hilo Utubora hakuulizwa.

Adam Shafi alikaribia zaidi. Katika Kuli, kilichotokea 1979, kazi ya bandarini Zanzibar imeandikwa kwa uzito wake wote, na mgomo wa 1948 unakuwa mahali ambapo wachukuzi wanajitambua. Kitabu hicho ni kipimo kizuri, kwa sababu kinathibitisha kwamba kazi ya mikono, ikielezwa kwa undani, haichoshi msomaji. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, kilichotangulia mwaka mmoja, mtumishi mwenyewe ndiye anayesimama katikati. Kijakazi, ambaye jina lake ni hukumu tosha, anamtumikia bwana wake kwa moyo mmoja, na hata baada ya Mapinduzi ya 1964 moyo huo haufunguki upesi. Hapana kitabu cha Kiswahili kinachojua zaidi namna utumishi unavyoweza kuingia ndani ya nafsi ya mtu. Lakini jibu la kitabu hicho ni moja tu: mtumishi atakombolewa kwa kuondolewa bwana. Jibu hilo lilifaa kwa kasri. Halitoshi kwa mkahawa wa Segera, ambamo hamna bwana wa kuondoa, bali mna wageni elfu moja, kila mmoja akiwa bwana kwa dakika ishirini, na wengi wao ni wafanyakazi kama mhudumu mwenyewe.

Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980, kinampeleka Maimuna katika ulimwengu wa baa. Ni riwaya yenye nguvu, na hasira yake juu ya baba aliyemfungia binti ndani ni hasira ya haki. Walakini baa katika riwaya hiyo ni kituo cha anguko, na msomaji huitoka akijua mengi juu ya anguko na machache juu ya kazi. Waandishi wadogo waliofuata mkondo huo hawakuwa na kipaji wala hasira yake, wakabakiza anguko peke yake. Katika hadithi nyingi za upelelezi na mapenzi mhudumu wa baa ni mtego, au ni chombo cha kupitishia habari, au ni mwili. Hana nauli ya kurudi nyumbani saa nane ya usiku, hana mtoto aliyemwacha kwa jirani, hana miguu iumayo. Taswira hii si ya vitabuni tu. Msichana wa Mkata au wa Manundu anayetafuta kazi ya kuhudumu hukutana nayo mlangoni, machoni mwa wateja, kabla hajashika sinia.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba sheria imemwona mfanyakazi huyu kabla ya fasihi kumwona. Vyama vya wapishi na watumishi wa nyumbani vilikuwapo Tanganyika kabla ya uhuru, na Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, lililoundwa 1955 Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, lilikuwa na wafanyakazi wa nyumbani na wa hoteli miongoni mwa jeshi lake. Tangu 1995 chama cha CHODAWU kimewakusanya wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha 1991 mkataba wa pekee juu ya wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, na ndani yake imo kanuni kwamba mfanyakazi apate ujira wake wa msingi bila kutegemea bakshishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo.

Maneno hayo ni makavu, hayana vina wala mizani, lakini kuna jambo yanalolijua ambalo mashairi hayajalijua: kwamba mhudumu ana mwili, na mwili huo huchoka baada ya saa fulani. Hata hivyo sheria ina mipaka yake. Mama lishe hana mwajiri wa kushitakiwa. Mpwa wake aliyekuja kutoka kijijini kumsaidia hana mkataba, ana chakula na ahadi. Na sheria haiwezi kumwamuru mtu aseme ahsante. Pale sheria inapoishia ndipo fasihi inapopaswa kuanza.

Wako wasomi watakaopinga. Watasema kwamba fasihi si chama cha wafanyakazi, na kwamba mwandishi akilazimishwa kusifu kila kazi atatoa mahubiri badala ya sanaa. Pingamizi hili lina ukweli, na wahudumu wenyewe wangelikubali, kwa sababu sifa za bure ni kama bakshishi: hufurahisha mkono na huacha cheo cha mtu pale pale. Watasema tena kwamba huduma njema kwa asili yake haionekani, na kwamba mhudumu hodari ni yule ambaye mteja hakumbuki kwamba alikuwapo. Hapa panahitaji kutofautisha. Juhudi ndiyo isiyoonekana, kwa sababu mhudumu ameificha kwa ustadi wake. Mshairi naye huficha juhudi yake, na ubeti mzuri husomwa kana kwamba ulijitunga, lakini hapana anayedai kwa sababu hiyo kwamba mshairi asitajwe. Ustadi wa kujificha hauwezi kuwa sababu ya kumsahau mstadi.

Kinachotakiwa, basi, si sifa. Ni mambo manne, na kila moja ni la kisanaa kabla ya kuwa la adili. La kwanza ni jina. Mhusika asiye na jina katika kitabu ni sawa na “wee!” ya mkahawani. La pili ni ujuzi. Msomaji aonyeshwe jinsi mhudumu anavyohesabu, anavyokumbuka, anavyomtambua mteja asiye na nauli kabla hajasema, kama Adam Shafi alivyoonyesha ujuzi wa kuli. La tatu ni usemi. Wahudumu wana lugha yao ya jikoni, yenye mafumbo, mzaha na majina ya siri ya wateja wakaidi. Njiani Handeni na Korogwe lugha hiyo imechanganyika na Kizigua, Kisambaa na Kibondei, nayo ni hazina ambayo watafiti hawajaikusanya vya kutosha, ingawa ipo umbali wa hatua chache kutoka kituo cha basi. La nne ni wakati wake mwenyewe. Mhudumu wa vitabuni huzaliwa mteja anapoketi na hufa mteja anapoondoka. Apewe asubuhi na usiku. Aketi naye siku moja, na msomaji amwone ameketi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa vyuo. Korogwe ni mji wenye chuo cha ualimu, na walimu wengi wa Kiswahili hupita katika njia hii mara mbili au zaidi kwa mwaka. Wao ndio watakaochagua vitabu vya kusomwa darasani, na wao ndio watakaouliza maswali ya mtihani. Mwalimu akiuliza “taja sifa za Kijakazi”, atapata orodha. Akiuliza “Kijakazi aliamka saa ngapi, na nani aliamka kabla yake?”, atapata mwanzo wa fikira. Na wanafunzi hao, wengi wao wakiwa watoto wa akina mama walioza maandazi ili kulipa ada, hawatahitaji kufundishwa jibu. Watahitaji kupewa ruhusa ya kulileta darasani tu.

Shaaban Robert aliacha kitabu kingine, kilichochapishwa pia 1968, ambacho jina lake ni Siku ya Watenzi Wote. Jina hilo lina neno moja dogo lenye kudai mengi, nalo ni *wote*. Fasihi ya Kiswahili imekwisha waleta wengi katika siku hiyo: mkulima na jembe lake, kuli na gunia lake, mwimbaji na vyungu vyake. Lakini karamu haiwezi kusemwa kuwa ya wote maadamu waliopika bado wamesimama mlangoni na sinia mikononi. Wapewe viti, na aliyekwisha kula ndiye ainuke awapishe.